Miezi mitano nakimbia daraja zima, mzani umegoma. Nakosea wapi wakuu?

Mkimbia Daraja

Wakuu, habari za asubuhi. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, kazi yangu ni ya kiti, naingia saa mbili natoka saa kumi na moja. Mwezi wa kwanza nilipimwa nikakutwa na kilo 92 kwa urefu wa sentimita 171, presha 146 kwa 94. Nikaona huku ninakoelekea siko. Nikajiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani. Jumanne na Alhamisi alfajiri nakimbia peke yangu kilomita tano. Jumamosi ni kikundi kizima, fulana sare, filimbi na nyimbo: tunaanzia Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite, tunageuza, tunarudi. Toka nimeanza sijaruka wiki hata moja, hata zile za mvua.

Jana nimepanda mzani. 93. Nimeongeza! Mke wangu kacheka mpaka kaketi.

Kuna jamaa ananiambia ukishavuka 40 mwili unalala, metaboli (kasi ya mwili kuunguza nishati) imekufa, hata ukimbie mpaka Chalinze hutapungua. Mwingine anasema nijifunge nailoni tumboni nitoe jasho zaidi. Nishike lipi? Kitambi kipo palepale kinanitazama.

Kiporo cha Jana

Mkuu, swali dogo tu, la nia njema. Jumamosi mkimaliza jogingi mnaelekea wapi?

Mkimbia Daraja

Nimeshajua unakonipeleka. Tunapita supu. Supu ya mbuzi, chapati mbili, soda ya baridi. Jioni, kama hakuna msiba, bia tatu nne na wadau. Lakini si nimekimbia bwana? Hiyo si haki yangu?

Kiporo cha Jana

Haya. Mimi niko pale nimekaa.

Dawa Asili Tupu

Kaka usihangaike na mbio. Nina unga wa mizizi saba, kijiko kimoja kwenye maji ya moto asubuhi na jioni, siku 14 kitambi kwisha habari yake, hauchagui chakula. Njoo pembeni tuongee.

Mama Lishe wa Buguruni

Huyo wa mizizi saba mwacheni apite.

Baba, mimi chapati ndiyo inanisomeshea watoto, kwa hiyo naongea kwa kujinyonga mwenyewe. Sikiliza hesabu ya jikoni. Kilo moja ya unga wa ngano natoa chapati 12, zile za saizi ya mteja kutonuna. Kwenye kukanda naweka mafuta, kwenye kuzikunja zile tabaka napaka mafuta, kwenye kuchoma nazungushia mafuta. Juzi binti yangu wa kidato cha tatu alinikalia jikoni na kikombe cha kupimia, eti wana somo la lishe. Kilo ile moja ilikunywa mililita 300. Mimi mwenyewe nilishtuka, maana huwa namimina kwa jicho.

Akapiga hesabu kwenye daftari: unga wa chapati moja ni kama kalori 300, mafuta yake ni kama 200. Chapati moja, 500. Wewe unakula mbili na bado hujagusa supu, ule mchuzi unaong'aa juu.

Nesi wa Zamu

Mama Lishe, binti yako apewe zawadi. Hesabu yake iko sawasawa: mafuta, yawe ya alizeti, ya nazi au samli, kila gramu ni kalori 9. Wanga na protini ni 4 kila gramu. Pombe ni 7, na hiyo wengi hawaihesabu kwa sababu haitafunwi.

Sasa mleta mada, tufanye upande wa pili wa daftari. Kukimbia kunaunguza takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Wewe wa kilo 92, kilomita tano, ni kama 460. Yaani kukimbia kwako kote kwa asubuhi moja hakulipi chapati moja ya Buguruni. Ya pili ni deni. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na ushee, karibu vijiko tisa vya chai. Bia nne za nusu lita ni zaidi ya 800 hivi. Jumamosi yako, mkuu, ndiyo siku unayonenepa kuliko zote, na ndiyo siku unayojiona shujaa.

Lakini kabla hujaning'unikia, nina maswali yangu. Ofisi yenu ina ngazi? Mapigo ya moyo ukiamka, kabla hujatoka kitandani, ni mangapi kwa dakika? Presha umerudia kupima?

Mkimbia Daraja

Nesi umeniua kistaarabu.

Ngazi zipo, tuko ghorofa ya nne. Mwaka jana lifti ikiharibika nilikuwa nasimama ghorofa ya pili najifanya naongea na simu. Wiki iliyopita iliharibika tena, nikapanda mpaka juu nikiwa nabishana mpira na jamaa wa stoo, na sikugundua mpaka nilipofika mlangoni. Mapigo nimehesabu leo asubuhi kwa saa ya ukutani: 66. Mwezi wa kwanza yalikuwa 82, ninakumbuka kwa sababu yaliandikwa kwenye kadi. Presha mara ya mwisho 132 kwa 85.

Nesi wa Zamu

Sasa wewe unalia nini?

Moyo wako umejifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, ndiyo maana unapiga mara chache. Presha imeshuka bila kidonge. Misuli ya miguu inapofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu yenyewe, hata insulini ikiwa inasuasua, na ndiyo maana tunawasisitizia wenye kisukari watembee hata dakika 15 baada ya kula. (Anayetumia sindano ya insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asitoke kukimbia bila kuongea na daktari wake, na atembee na pipi mfukoni. Sukari kushuka barabarani si mchezo.) Hayo yote umeyapata na mzani haujasema kitu, kwa sababu mzani hauna mahali pa kuyaandika.

Huo mwili ulionao leo si ule wa Januari, japo kilo zinafanana. Una pumzi. Kitambi ni kesi nyingine, na inasikilizwa mezani.

Vitunguu Mang'ola

Ngoja niwape kitu kutoka huku kwetu, maana watu wanadhani haya mambo ni ya Wazungu na mashine zao.

Mimi nanunua vitunguu Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi. Majirani zetu huku ni Wahadzabe. Mtu anaondoka alfajiri na upinde, jioni anarudi, kuna siku na asali, kuna siku mikono mitupu. Kina mama na fimbo zao zilizochongwa wanachimba mizizi kwenye ardhi ngumu kama sakafu, mtoto mgongoni. Kitambi hukioni kambini.

Sasa mwaka 2012 kulitoka utafiti wa Herman Pontzer na wenzake, uliofanyika hukuhuku kwa Wahadzabe 30, wanaume 13 na wanawake 17. Waliwanywesha maji maalumu yenye alama, halafu wakapima mkojo kwa siku kadhaa. Kwa njia hiyo unajua mtu kaunguza nishati kiasi gani kwa siku nzima bila kumfunga mashine usoni. Wanaume walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitarajia wakutwe wanaunguza kupita kiasi. Wapi! Ukishazingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe anaunguza kwa siku sawa tu na karani wa Marekani anayekaa kwenye kiti.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuandika.

Maelezo yao ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia nyingi kwenye kutembea, unabana kwingine: mambo ya ndani usiyoyaona, uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili, homoni za msongo, na hata wewe mwenyewe bila kujua unakaa zaidi mchana. Ndiyo maana mtu anakimbia alfajiri halafu Jumapili nzima yuko kwenye kochi anaagiza watoto maji.

Mkimbia Daraja

Hilo la kochi limenigusa binafsi. Na toka nianze jogingi nimeacha kutembea kutoka kituoni, napanda boda. Najiambia nimeshafanya mazoezi leo.

Kiporo cha Jana

Kesi imejitoa yenyewe mahakamani.

Jirani wa Iten

Habari zenu wa Tanzania. Mimi niko huku Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya bahari, na nyinyi mnanichanganya. Hawa vijana wetu wanakula ugali mlima, chai ya maziwa yenye sukari imejaa, viazi, mchele, maharagwe. Kuna watafiti waliwafuata wakimbiaji kumi Wakalenjin wakapima kila kitu kilichoingia mdomoni, matokeo yakatoka 2004: zaidi ya robo tatu ya nishati yao ni wanga. Karibu kalori 3,000 kwa siku, na kijana mwenyewe ana kilo 58 pekee! Kama mazoezi hayaunguzi kitu, hao ugali wao unaenda wapi? Kipchoge alimaliza kilomita 42 pale Vienna kwa saa 1:59:40 akiwa amelelewa na ugali, si saladi.

Vitunguu Mang'ola

Jirani, hakuna aliyesema mazoezi hayaunguzi kitu. Nimesema hayaongezi kwa kiasi ambacho mtu anakiandika kwenye daftari. Hata wataalamu bado wanavutana mwili unabana kiasi gani, na ni kwa watu gani.

Na wako hao si wa kupiga mfano na sisi. Wanakimbia asubuhi, wengine wanarudia jioni, wiki inapita kilomita 100 na zaidi. Ukifika kiwango hicho bajeti yenyewe inapanuka. Mleta mada anakimbia 15 kwa wiki kisha anashuka kwenye supu.

Ila umenisaidia jambo moja: ugali si mchawi. Watu humu wakianza kupunguza wanaufukuza ugali kwanza, halafu wanabaki na chipsi mayai.

Nesi wa Zamu

Naunga mkono. Ugali wa dona na maharage, matembele na dagaa unakushibisha kutwa. Na dagaa hao wana siri: protini mwili unaisaga kwa gharama. Katika kila kalori 100 za protini, 20 mpaka 30 zinaishia kwenye kazi ya kuichakata tu. Wanga ni kama 5 mpaka 10. Mafuta karibu bure, yanaingia moja kwa moja. Zege la usiku sasa, viazi vilivyokunywa mafuta, mayai yaliyoogelea kwenye mafuta, halafu unalala.

Na lile la umri nilisahau kulijibu. 2021 Pontzer huyohuyo na wenzake wengi walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku nane hadi mzee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili na misuli, kasi ya kuunguza nishati kati ya miaka 20 na 60 iko palepale. Haitetereki. Inaanza kushuka baada ya 60. Kwa hiyo kaka wa miaka 41 asisingizie metaboli. Ulipokuwa na 25 ulikuwa unagombania daladala na kucheza mpira jioni, na mshahara ulikuwa hautoshi bia nne.

Mdada wa Tegeta

Mimi naomba kuuliza tofauti. Sikuwa na shida ya mazoezi, shida yangu ilikuwa harusi. Mwaka juzi nilijinyima miezi miwili: tikitimaji, maji, mayai mawili, basi. Kilo 11 zilitoka, gauni likaingia, picha nzuri. Baada ya harusi nikarudi kula kawaida, wala si kula kwa fujo, na kilo zimerudi 13. Nikila alichokula mdogo wangu mwenye uzito sawa na wangu, yeye yuko vilevile, mimi nanenepa. Je, niliua metaboli yangu?

Nesi wa Zamu

Dada yangu, hujaiua, ila uliitisha.

Kwanza, kilo nyingi za wiki ya kwanza hazikuwa mafuta. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu yake inakumbatia maji kama gramu tatu. Ukiacha kula, akiba inatumika, maji yanatoka chooni, mzani unakupigia makofi. Siku uliyokula wali wa harusi yalirudi.

Pili, ulipokuwa hauli na haunyanyui chochote, mwili ulikula na misuli. Tatu, mwili ukiona njaa unapunguza matumizi zaidi ya vile ungetarajia kwa uzito uliopungua. Kuna utafiti wa Kevin Hall uliotoka 2016, wa watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Miaka sita baadaye wengi uzito umewarudia, na miili yao ilikuwa bado inaunguza kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Wale walipunguza kwa kasi ya kutisha. Wewe hukufika huko, usiogope. Safari hii punguza nusu kilo kwa wiki, hata robo, kula protini, na nyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki. Si lazima jimu. Ndoo ya lita 20 unaijua.

Mdada wa Tegeta

Ndoo naijua sana, maji yanakatika huku kila wiki. Asante dada, nimepumua.

Mzee wa Mswala

Vijana, nimewasoma toka jana. Nina miaka 67. Siongei habari ya kilo maana mimi shida yangu ni kinyume, suruali zinadondoka.

Miaka minne iliyopita nilianza kushika ukuta kila nikitoka sijda. Halafu nikawa naswali kwenye kiti. Mjukuu wangu anayesomea mazoezi ya viungo akanikatalia. Akanianzishia hivi: kaa kwenye kiti, inuka bila mikono, mara tano. Siku ya kwanza niliweza mbili, ya tatu nikarudi kitini kama gunia. Baada ya mwezi, kumi. Akanipa chupa mbili za maji nishike. Akamwambia bibi yake nipate yai au samaki kila siku, maana nilikuwa naishi kwa chai na mkate.

Leo naswali chini, nainuka mwenyewe. Tarawehe nzima. Daktari anapima damu, mimi napima mswala.

Nesi wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Hicho ndicho ninachowaambia watu wodini kila siku na hawasikii. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kitu cha namna hiyo, na watu wote wanaishika hiyo sehemu. Sehemu ya pili, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki, hawaisomi kabisa.

Mzee wa Mswala

Marahaba mwanangu.

Fundi Nailoni

Kabla hamjafunga: mimi ndiye yule wa nailoni, si mtu wa kusimuliwa. Nilijifunga mfuko tumboni, sweta juu, nikakimbia Msasani saa tisa alasiri mwezi wa pili. Nilipima kabla na baada: kilo moja na nusu imetoka! Nikapiga picha ya mzani nikarusha kwenye makundi yote. Nikanywa maji lita moja na nusu na madafu. Nikapima tena. Imerudi yote. Juu yake nikaumwa kichwa siku mbili. Jasho ni maji ya kupoza injini, wakuu, msinifuate.

Mkimbia Daraja (wiki 11 baadaye)

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Mbio sijaongeza hata mita moja. Nilichofanya: boda nimeacha, natembea kutoka kituoni, dakika 18 asubuhi na 18 jioni. Soda nimeacha kabisa, wiki mbili za kwanza kichwa kiliniuma kwa hasira. Chapati moja badala ya mbili. Bia mbili, Jumamosi tu. Pushapu na kile kiti cha Mzee wa Mswala, Jumatatu na Ijumaa. Mtoto wangu ndiye mhesabuji na anaiba hesabu, akichoka anaruka kutoka saba kwenda kumi.

Mzani: 88.5. Ila mzani sasa naupanda mara moja kwa wiki, nimeupunguzia cheo. Mkanda umetoka tundu la pili umefika la nne, na tundu la nne nimelitoboa mwenyewe kwa msumari. Presha 126 kwa 80, kwenye kadi ileile.

Tatizo lililobaki ni mwenyekiti wa kikundi. Anasema nikija supu halafu nikala chapati moja nawavunja moyo wanachama. Anataka kunitoza faini.

Mama Lishe wa Buguruni

Lete hicho kikundi kwangu Jumamosi, baba. Nitawakandia chapati ndogondogo, kilo moja natoa 20. Mwenyekiti ataona kala mbili.

Bei ileile lakini.